Umesafiri Naye?



Ijumaa mbili safu hii haikutoka, na wapo walionipigia simu kuuliza kama ni maradhi. Alhamdulillahi, si maradhi. Nilikuwa safarini, na safari yenyewe haikuwa ya kazi, wala ya mazishi, wala ya harusi, zile tatu ambazo sisi watu wa pwani tunazihesabu kuwa ndizo safari. Nilivaa shanta mgongoni, nikavuka mpaka wa Lunga Lunga pamoja na swahiba wangu, tukapanda msitu wa Amani katika milima ya Usambara Mashariki, kisha tukateremka na kufuata mwambao mpaka Pangani. Siku tisa. Mzee mmoja wa msikitini petu aliposikia aliniuliza tumefukuzwa na nani.

Tumezoea kuwaona vijana wa Kizungu wakishuka Malindi na Lamu na mikoba mikubwa kama magunia ya makaa, nasi huwacheka. Lakini babu zetu walitoka Lamu kwenda Unguja kutafuta elimu na kifurushi cha nguo mbili, wakalala misikitini, wakala kwa waliowakaribisha, na hakuna aliyewacheka. Kubeba mzigo wako mwenyewe na kulala usipopajua si jambo geni kwetu. Ni jambo tuliloliacha.

Katika darsa zetu husimuliwa kisa cha mtu aliyekwenda kumtolea mwenzake ushahidi mbele ya Sayyidna Umar. Akaulizwa: Je, u jirani yake? Umepata kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Alipojibu la kwa yote matatu, akaambiwa kuwa basi hamjui mtu huyo. Mimi kisa hiki nilikisikia tangu utotoni, nikakiweka pamoja na visa vingine vizuri. Mwaka huu kiliingia nyumbani kwetu.

Ninayoyaandika nimepewa ruhusa na wote yanaowahusu, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu. Swahiba wangu ni fundi wa milango ya nakshi. Tulikaa jamvi moja chuoni tukiwa na miaka sita, na tangu hapo hatujaachana. Miezi michache iliyopita alileta posa kwa dada yangu, kitindamimba wa nyumba yetu. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, kwa hivyo walii ni mimi. Nilimwambia mama kuwa hakuna haja ya kuulizauliza, kwa kuwa mtu huyu namjua ndani nje. Mama hakubishana. Alisema tu: "Umesali naye, umekula naye, umezika naye. Umesafiri naye?"

Katika miaka ishirini na tano hatukuwahi kupita Mtwapa pamoja tukalala.

Dada yangu naye alikuwa na ombi lake, alilonipa akiwa amegeuka, anakosha vyombo. "Mwangalie akikasirika," alisema. "Akifurahi, kila mtu mzuri."

Tulianza kwa mfuko mmoja, kama walivyofanya wasafiri wa zamani. Kila mmoja alitia kiasi sawa, na mshika mfuko akawa yeye. Kila usiku alinisomea matumizi ya siku, hata shilingi za maji. Tanga, mtu alitunyoshea mkono nje ya msikiti baada ya sala ya adhuhuri, nikamwona swahiba wangu akiuruka mfuko wetu na kutia mkono katika mfuko wa kanzu yake. Nilipomuuliza alisema, "Ile si yangu peke yangu." Neno hilo niliandika.

Juu ya mji wa Tanga sitasema mengi, maana wengi wenu mna jamaa huko. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na mtu wa Kwale akifika Tanga hana ugeni wa lugha wala wa chakula. Ni mji wa baiskeli na wa watu wasio na haraka, na mitaa ya Ngamiani imepewa nambari badala ya majina, hata mgeni hapotei. Tulilala usiku mmoja, asubuhi tukaenda Muheza, mji wa machungwa, kutafuta basi la kupanda mlimani.

Hapo ndipo ombi la dada yangu lilipopata jibu lake la kwanza. Konda alituahidi kuwa shanta zetu, ambazo ziliwekwa juu ya basi, zingefunikwa turubai. Hazikufunikwa. Mvua ilitukuta njiani, ile mvua ya mlimani isiyotoa salamu, na tulipoteremka Zigi saa nane za mchana shanta zilikuwa zikitiririka maji. Yangu ilikuwa na nguo tu. Yake ilikuwa na daftari.

Sharti niwaeleze daftari hilo. Ni la miaka kumi na miwili. Ndani yake amechora kwa mkono nakshi za milango ya Lamu, Siyu, Malindi na Mombasa, mingine ikiwa imekwisha kung'olewa na kuuzwa, hata hakuna tena pa kuitazama. Kwa fundi, hiyo ni mali kuliko randa na patasi. Wino ulikuwa umeyeyuka. Konda alicheka, akasema mvua ni ya Mungu.

Swahiba wangu alimtazama kwa kitambo. Hakumtukana, hakumshika shati, hakudai kitu. Alibeba shanta yake, akaenda zake kwenye nyumba ya wageni, na hakusema neno. Nilimsemesha, alitikisa kichwa. Tulikusuru na kukusanya sala pamoja, tukala wali pamoja, tukazitandaza kurasa kando ya jiko moja baada ya nyingine, na yeye yuko kimya kama aliyekatwa ulimi. Ilipofika saa mbili za usiku ndipo aliposema: "Kurasa arubaini na moja zimekwenda."

Nilimwambia kuwa saa sita nzima hakunena. Akajibu kuwa mtu akinena katika hasira hunena lisilorudi, na kwao kulikuwa na ukelele wa kutosha alipokuwa mtoto, naye aliapa hatakuwa na ukelele. Ni jibu la mtu mwema. Lakini mimi nilikuwa na dada wa kumfikiria. Nilimwambia: "Mimi najua ni mvua. Mwenzio wa nyumbani, ukimnyamazia saa sita, hatajua kama ni mvua au ni yeye." Hakulijibu. Alikwenda kulala, nami nilikaa pale jikoni nikisikiliza mto Zigi.

Mto huo ndio unaoinywesha Tanga. Unaanzia katika misitu hii ya juu, unateremka, unazuiwa kwenye bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji huenda mjini. Mtu anayefungua bomba Ngamiani anafungua msitu, kama vile baadhi ya maji yetu sisi wa Mombasa yanavyotoka chemchemi za Marere katika Shimba Hills. Msitu ukikatwa huko, ndoo hukauka huku. Jambo hili tulisomeshwa shuleni kwa kitabu. Kulisikia likipita chini ya dirisha usiku ni elimu nyingine.

Asubuhi tulipanda kwa miguu kutoka Zigi mpaka Amani, tukiongozwa na kijana Msambaa wa kijiji cha karibu. Njia inapanda kutoka kiasi cha mita 450 mpaka kiasi cha 900, na mabadiliko unayahisi kwenye ngozi: joto la pwani linaachia, ubaridi unaingia, na kila kitu kinadondoka maji hata baada ya mvua kukatika. Msitu huu si kama Arabuko-Sokoke yetu, ambayo ni kavu na ya mchanga. Huu ni msitu wa mvua hasa. Mwanga haufiki chini ila kwa vipande. Hondohondo wakiruka juu ya vilele, mbawa zao zina mshindo kama wa mtu anayepepea moto kwa kipepeo kikubwa. Kima walitupita juu wakituangusha matone. Kijana wetu alikuwa na jicho la kumwona kinyonga mdogo kuliko kidole juu ya jani, jambo ambalo mimi sikuliweza hata aliponionyesha kwa kijiti.

Swahiba wangu alikwenda mbele. Ni mwepesi wa miguu, nami si mwepesi. Baada ya saa moja tulimkuta amesimama, mkono juu ya shina. Kijana akasema, "Huo ni mvule." Fundi wa miaka ishirini, aliyechonga milango ya mvule nisiyoweza kuihesabu, anayeijua harufu ya vumbi lake hata gizani, hakuwa amewahi kuuona mvule umesimama. Sisi watatu tulishikana mikono, hatukuweza kuuzunguka. Alimuuliza kijana una umri gani, akaambiwa babu yake kijana aliukuta hivyo hivyo. Kisha swahiba wangu alifanya hesabu ya kifundi, akasema kwa sauti ndogo, kama anayeungama: "Milango minane. Labda tisa."

Miaka ya 1970 na 1980 hesabu hiyo ilifanywa na wengine. Mitambo iliingia katika misitu ya Usambara Mashariki ikikata magogo ya viwanda, mpaka ukataji huo ukasimamishwa, na mwaka 1997 hekta 8,380 zikatengwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Lakini si mashoka peke yake. Iliki, ile tunayoitia katika mahamri na chai, inastawi vizuri chini ya kivuli cha miti mikubwa, na mkulima akiipanda ndani ya msitu hufyeka miche yote ya chini. Miti mikubwa inabaki imesimama, mgeni anaona msitu, kumbe ni msitu usio na watoto. Nimekula mahamri maisha yangu yote bila ya kulijua hilo. Nitaendelea kuyala, lakini nitauliza iliki imetoka wapi.

Karibu na kijito, juu ya jiwe lenye ukungu wa kijani, kijana alituonyesha ua dogo la rangi ya zambarau. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilo katika milima hii, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Wataalamu wakaliita Saintpaulia, na leo liko katika vyungu vya madirisha ya Ulaya na Marekani nzima. Pale lilipozaliwa linaishi juu ya mawe machache yenye kivuli na maji. Mawe hayo yakipigwa na jua, halipo.

Tulikaa hapo kupumzika, kijana akaenda kujaza chupa. Swahiba wangu alisema bila ya kunigeukia: "Najua umetumwa."

Sikukataa.

"Nami nimekuja kukutazama wewe," alisema. "Mwanamke nisiyepata kuzungumza naye ila mbele ya watu, nitamjulia wapi kama si kwa aliyemlea? Na mama yangu naye ana maswali."

Nilimuuliza ameona nini. Alisema nakoroma, jambo ambalo halikunihuzunisha. Kisha akasema: "Unapenda kuamua kwa ajili ya watu. Tanga uliniagizia chakula bila ya kuniuliza, mara mbili. Najiuliza huyo dada yako ameamuliwa mangapi."

Kijana alirudi na chupa, tukaendelea kupanda. Njia nzima nililitafuna neno hilo, na sikulimeza wala kulitema.

Amani yenyewe ni kijiji cha kustaajabisha, majengo ya zamani katikati ya ukungu. Mwaka 1902 Wajerumani waliweka hapo taasisi ya kilimo na elimu ya mimea, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na baada ya vita vya kwanza Waingereza wakairithi. Kwa Mswahili, jambo kubwa la Amani ni muhogo. Miaka ya 1930 watafiti wa hapo, akiwemo H. H. Storey, walianza kuuchanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, wapate mbegu ya kustahimili batobato, ugonjwa unaokunja majani na kudhoofisha mizizi. Kazi hiyo ya miaka mingi ilizaa mbegu ambazo uzao wake ulifika mpaka Nigeria na kuwa msingi wa mihogo mingine mingi ya Afrika. Muhogo wa nazi una nasaba ndefu kuliko tunavyodhani. Pembeni ya hapo ni mashamba ya chai, yamenyolewa sawasawa kama kichwa cha mtoto wa siku saba, na baada ya msitu macho yanaona kiwi.

Kushuka kulikuwa kwepesi, nami nitakupitisheni haraka. Kutoka Tanga tulifuata njia ya kusini. Tulisimama Machui, alikozikwa Shaaban Robert, tukamsomea Fatiha. Tulisimama Tongoni, penye msikiti wa kale uliobomoka na makaburi yapatayo arubaini, nguzo zake nyingi zimeanguka, na bahari iko hapo hapo. Anayeijua Gede atahisi yuko kwa ndugu. Pande zote za njia ni mkonge, uliofikishwa nchi hiyo mwaka 1893 na Richard Hindorf. Inasemekana kati ya miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, na mashamba yote yakatokana na hiyo.

Pangani ni mji uliokaa kwenye mlango wa mto kama mzee aliyekaa barazani. Ulikuwa bandari ya misafara ya pembe na ya watumwa, na hilo halipendezi kulisema lakini kuta zinalisema. Hapo ndipo mwaka 1888 watu wa mwambao walipoikataa bendera ya kampuni ya Kijerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, na hapo ndipo aliponyongwa mwezi wa Disemba mwaka 1889.

Tulifika jioni na njaa, na chumba tulichoahidiwa kwa simu kilikuwa kimepewa wengine. Mwenye nyumba hakuonyesha hata haya. Nilimwona swahiba wangu uso ukimbadilika vile vile kama Zigi, midomo ikifungwa. Akageuka kuondoka. Akasimama. Akarudi hatua mbili, akaniambia, kila neno peke yake: "Nimekasirika. Si na wewe. Nipe nusu saa."

Alifuata ukingo wa mto. Nilikaa juu ya shanta zote mbili nikiwatazama watu wakivuka kwa pantoni kwenda Bweni. Hakumaliza nusu saa. Alirudi na habari ya chumba kwa mjane mmoja nyuma ya msikiti, na samaki wawili wa kuchoma waliofungwa gazetini. Asubuhi alikuwa ameamka kabla yangu. Nilimkuta mbele ya mlango wa zamani uliokatika kizingiti, ameketi chini, daftari jipya la shule magotini, anachora.

Nyumbani, sikumpa dada yangu uamuzi. Nilimpa habari: ile sadaka, saa sita za Zigi, dakika ishirini na tano za Pangani, na alilosema juu yangu kijitoni. Hilo la mwisho alinitaka nilirudie. Kisha alisema atazungumza na mama, mimi nisubiri nje, na nilisubiri nje. Posa imepokelewa. Tarehe mtaisikia kwa wenyewe, si kwa jarida hili.

Wanaotaka kwenda: beba pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Horohoro kinaweza kuulizwa. Ada ya hifadhi hulipwa Zigi, na usipande bila ya mwongozaji. Ni riziki yao na ni usalama wako. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia ya mlimani huwa tope, ingawa Amani hunyesha mwezi wowote. Kitabu au daftari lolote lifunge katika mfuko mzito usiopitisha maji. Hii mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku nchi zote mbili, usiibebe. Shanta isizidi uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Na iliki ya Amani inauzwa Muheza sokoni, kwa kibaba.

Panapo majaaliwa, Ijumaa ijayo tutarudi kwenye barua zenu za karo na madrasa, ambazo zimerundikana.